Ugonjwa wa seliaki: si dawa iliyoponyesha, ni mkate ulioachwa

Mwuza dawa anayesimama kwenye mlango wa soko na kipaza sauti hataji ugonjwa mmoja tu. Chupa aliyoshika mkononi inaponyesha vidonda vya tumbo, sukari, presha, mgongo, ugumba na sumu ya jirani. Wakaaji wa Goma, Bukavu, Butembo na Bunia wamezoea sauti hiyo. Wengine wanacheka na kupita, wengine wanatoa franka. Kwenye telefone sauti ni ileile, ila orodha yake ni ndefu zaidi. Kati ya magonjwa yanayoahidiwa kumalizwa kabisa kuna moja lenye jina geni kwa watu wengi wa mashariki mwa Kongo: ugonjwa wa seliaki, yaani ugonjwa wa matumbo unaoletwa na ngano.

Jina hilo linafika hapa mara nyingi kupitia familia. Dada aliye Ubelgiji ao mtoto wa mjomba aliye Kanada anapimwa damu, anaambiwa asile tena mkate maisha yake yote, na habari inaingia katika kundi la familia la WhatsApp. Kabla ya jua kuzama mtu amekwisha kutuma dawa: unga wa mizizi, vidonge vya "kusaga gluteni", maji ya kunywa asubuhi kabla ya kula, ao namba ya mtumishi wa Mungu anayeombea watu kwa telefone. Wanaotuma hawana nia mbaya. Wanampenda mgonjwa na wanaumia kusikia neno "maisha yote". Lakini mgonjwa wa seliaki anayeamini kwamba amepona anafanya jambo moja: anarudilia mkate. Hatari yote iko hapo.

Mkate, mandazi, chapati, makaroni na biskwi vinatengenezwa na unga wa ngano. Ndani ya unga huo kuna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya donge la mandazi livutike kama mpira bila kukatika. Iko pia katika shayiri, nafaka inayotumiwa kutengeneza bia nyingi za chupa. Kwa watu wengi haina neno. Kwa mgonjwa wa seliaki, kinga ya mwili inaiona kama adui, na katika kupigana nayo inashambulia utumbo mwembamba wenyewe. Utumbo huo una vinyweleo vidogo sana, kama vile vya taulo mpya, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Vinapolala na kuisha, mtu anaweza kumaliza sahani tatu na bado akakonda.

Wengine wanahara kwa miezi, wengine tumbo linavimba, mtoto anaacha kukua. Kuna pia wasiosikia kitu tumboni, lakini damu yao inapungua kila mara, mifupa inakuwa dhaifu, ao mimba zinaharibika bila mtu kujua sababu. Kwa wachache, utumbo unaoumizwa kwa miaka mingi unaweza kuleta kansa. Hesabu inayotumiwa duniani ni karibu mtu 1 kwa kila watu 100, na wengi wao hawajui kwamba wanaugua. Hesabu hiyo hailingani kila pahali: kati ya Wasahrawi wa Afrika ya kaskazini-magharibi, utafiti uliotangazwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 kwa kila 100.

Matunzo yake ni kuacha gluteni kabisa, kila siku, bila sikukuu. Hakuna kidonge, sindano wala chai ambayo mamlaka za dawa za Ulaya ao Marekani zimekubali kuwa inaponyesha seliaki.

Ahadi za kuponyesha ugonjwa huu ni za zamani kuliko intaneti. Mwaka 1888 munganga wa London, Samuel Gee, aliyekuwa wa kwanza katika nyakati hizi kuueleza vizuri, aliandika habari za mtoto aliyelishwa kila siku kome kutoka Uholanzi, wale konokono wa bahari wenye maganda mawili. Mtoto alinenepa ajabu. Msimu wa kome ulipokwisha, ugonjwa ulirudi. Gee alikuwa mtu mwaminifu, akaandika yote mawili. Kama mwuza dawa wetu wa sokoni angekuwepo wakati wa msimu, angekuwa ameuza kome nchi nzima kabla msimu haujaisha.

Hadithi kubwa zaidi ni ya ndizi, na kwa watu wa Kivu inafaa kuelezwa polepole. Mwaka 1924 munganga wa watoto wa New York, Sidney Haas, alitangaza matokeo ya watoto 10 wenye seliaki. Wanane aliwalisha ndizi mbivu nyingi; walipata nguvu. Wawili ambao hawakupata chakula hicho walikufa. Wakati ule ugonjwa huu ulikuwa unazika watoto, na mzazi aliyeona mwanawe akinyanyuka kitandani hakuwa na sababu ya kubishana. Ndizi ikawa dawa. Waganga wengi wa Marekani waliifuata, na familia zilitafuta ndizi hata wakati wa vita vya pili vya dunia, zilipokuwa ngumu kupatikana.

Haas hakuwa mwongo. Watoto waliishi kweli, na hilo ndilo linalofanya hadithi yake iwe na mafundisho kuliko ya matapeli. Pamoja na kuwapa ndizi, alikuwa amewakataza mkate, biskwi, viazi na nafaka. Ndizi ilisifiwa, na kumbe kilichowaokoa ni kitu ambacho hakikuwa kwenye sahani. Kwa kuwa hakuliona hilo, Haas aliamini kwamba baada ya muda wa kutosha mtoto amepona kabisa na anaweza kula kama wengine. Wakarudishwa kwenye mkate. Utumbo ukaanza kuharibika tena, mara nyingi kimyakimya, na kuna waliokuja kuambiwa katika uzee wao kwamba ugonjwa wa utotoni haukuwahi kuondoka. Ukweli ulipojulikana, Haas hakuukubali. Kitabu chake cha mwaka 1951 kiliendelea kusema kwamba watoto wake wamepona.

Aliyefungua fundo ni Mholanzi, Willem Karel Dicke, munganga wa watoto katika mji wa The Hague. Tangu miaka ya 1930 alikuwa anaushuku mkate. Kisha kukaja vita. Katika baridi ya 1944 hadi 1945 Uholanzi iliingia katika njaa kali, watu wakala hata mizizi ya maua ya tulipi. Mkate ulikuwa haba sana, lakini watoto wenye seliaki hawakuzidi kuumwa kama ilivyoogopwa. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ulirudi.

Mtu mwingine angetangaza ushindi siku ileile. Dicke alirudi kazini. Pamoja na wenzake wa Utrecht aliwapa watoto ngano, akaiondoa, akairudisha, na kila mara walipima mafuta yaliyotoka katika mavi ya watoto, kwa sababu utumbo ulioharibika unashindwa kufyonza mafuta. Ni kazi isiyo na utukufu: kukusanya mavi ya watoto wagonjwa wiki baada ya wiki na kuyapeleka labo. Lakini mwaka 1950, alipotoa kitabu chake cha udaktari, hakuwa anasema tu kwamba watoto wamepata nafuu. Alikuwa anaonyesha ni kitu gani kilichowaumiza, na kwamba kikirudi, maumivu yanarudi.

Hapo ndipo pa kumwuliza mwuza dawa maswali. Nafuu aliyopata mgonjwa, imetoka kwenye chupa ao kwenye masharti yaliyokuja na chupa? Karibu kila dawa ya muujiza ina masharti. Kunywa asubuhi na magaribi kwa miezi mitatu, na katika miezi hiyo usile mkate, usinywe bia, usile vya mafuta mengi. Mgonjwa anatii, kwa sababu amelipa. Baada ya wiki chache tumbo linatulia, anaongeza kilo, anatoa ushuhuda mbele ya watu. Chupa inasifiwa na mkate hausemwi. Kisha miezi mitatu inaisha, masharti yanaondolewa, mandazi yanarudi mezani, na akirudi na maumivu anaambiwa anunue chupa ya pili, kwa kuwa ya kwanza "ilikuwa inasafisha tu".

Kuna pia wanaotoa ushuhuda wa namna nyingine: walikunywa dawa, wakala chapati, hawakusikia kitu. Wanasema kweli yao. Lakini utumbo si mdomo, hauongei kila unapoumizwa. Kwa muda mrefu hata waganga wa hospitali waliamini kwamba mtoto mwenye seliaki anaweza kuuacha ugonjwa anapobalehe, kwa sababu katika umri huo dalili nyingi hupungua. Walipoanza kutazama utumbo wenyewe, walikuta vinyweleo vimelala vilevile kwa wengi wa vijana waliorudilia mkate. Na anayeacha gluteni leo haponi wiki ijayo: kwa mtu mzima utumbo unaweza kuhitaji miaka kabla ya kurudi katika hali yake. Ndiyo maana "nasikia vizuri" ni habari njema, lakini haitoshi kumwambia mtu arudi kwenye mkate.

Vidonge vya kusaga gluteni vinastahili neno lao, kwa sababu vinauzwa katika pakiti safi na vina harufu ya sayansi. Wazo lenyewe si la kijinga: kuna vimeng'enya vinavyoweza kukata gluteni vipandevipande. Shida ni kwamba tumbo halingoji. Chakula kinapita, na kiasi kidogo kinachobaki bila kukatwa kinatosha kuamsha vita. Kipimo cha kimataifa cha chakula kinachoweza kuuzwa kama kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 katika kilo moja. Hiyo ni kama punje chache za unga. Hakuna kidonge cha dukani kilichothibitishwa kumlinda mgonjwa wa seliaki anayekula mkate.

Watafiti wa kweli wanatambuliwa kwa namna wanavyoshindwa. Kampuni moja ya Marekani ilitumia miaka kutengeneza sindano iliyoitwa Nexvax2, ambayo ingezoeza mwili kuvumilia gluteni. Mwaka 2019 waliwalinganisha waliopewa sindano na waliopewa maji matupu, wakaona hakuna tofauti, wakasimamisha kazi. Mwaka 2022 dawa nyingine, larazotide, iliyokuwa imefika hatua ya tatu ya majaribio na kutazamwa na wagonjwa wengi kama tumaini kubwa, ilisimamishwa nayo baada ya hesabu za katikati ya jaribio kuonyesha kwamba haina faida ya kutosha. Fedha nyingi zilipotea. Walitangaza. Ni nani amewahi kumsikia mwuza chupa wa sokoni akisema kwamba amehesabu wateja wake na kukuta dawa haifanyi kitu?

Kongo ina kumbukumbu yake katika jambo hili, na ni chungu. Mwaka 1987, wakati Ukimwi ulikuwa unatisha Zaire nzima, profesa mmoja wa Kinshasa na munganga wa Misri walitangaza kwamba wamepata dawa. Iliitwa MM1, kwa heshima ya Mobutu na Mubarak. Ilikuwa na majina ya marais wawili, magazeti na heshima ya taifa. Haikuwa na jaribio ambalo wengine wangelirudilia na kupata jibu lilelile, na ikazimika bila kuponyesha Ukimwi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, maelfu ya watu kutoka nchi jirani walipanga foleni kule Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu aliyesema kinaponyesha Ukimwi, sukari na kansa. Wagonjwa walibaki na magonjwa yao. Aliyeshuhudia hayo mawili hana haja ya kuitwa mtu wa imani ndogo akiomba kuona vipimo.

Kuhusu imani, jambo lenyewe si gumu kama linavyofanywa. Kumwombea mgonjwa si kosa, na hakuna munganga mwenye akili anayelikataza. Kosa linaanza pale mtu anaposimama mbele ya mama na kumwambia kwamba kuendelea kumnyima mtoto mkate ni kukosa imani. Mtoto aliyepona kweli hatapungukiwa na kitu akirudi kwanza kwa munganga wake, kabla ya andazi la kwanza, na kufuatwa kwa vipimo vya damu na vya utumbo. Anayekataza kipimo hamlindi Mungu. Anajilinda yeye mwenyewe.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, na huku kwetu huenda ni kubwa zaidi. Video zilezile zinazouza dawa zinauza kwanza ugonjwa. Tumbo likivimba, ni gluteni. Ukichoka, ni gluteni. Mtoto akihara, ni gluteni. Katika Kivu na Ituri mtoto anayehara kwa wiki nyingi ana sababu nyingine zinazopaswa kutazamwa kwanza: maji machafu, amiba, giardia, minyoo, maziwa yasiyokubaliana na tumbo lake, kifua kikuu cha matumbo, virusi vya Ukimwi, ao njaa yenyewe. Mtoto wa Masisi ao wa Walungu anayekula ugali wa mihogo, makemba, viazi vitamu na maharagi, na anaona mkate siku ya Noeli tu, hali gluteni ya kutosha kulaumiwa kwa kuhara kwake kila wiki. Kumwachisha chakula kidogo alichonacho kwa sababu ya video ni kumwongezea ugonjwa.

Mwenye kushuku kweli kwamba ngano inamuumiza anatakiwa asiiache kabla ya kupimwa. Ushauri huu unashangaza watu, lakini una sababu. Kipimo cha damu kinatafuta alama za vita ambavyo mwili unapigana na gluteni. Ukiacha mkate kwa miezi, alama zinapungua na jibu linaweza kusema huna ugonjwa wakati unao. Baada ya damu, kwa mtu mzima, munganga anaingiza kamera ndogo kwa mdomo na kuchukua vipande vya utumbo ili vitazamwe kwa mikroskopu. Vipimo hivi havipatikani katika kituo cha afya cha kijijini, na mwenye kuvitafuta itabidi aende kwenye hospitali kubwa ya mji. Ni safari na ni gharama. Lakini hesabu ifanywe sawasawa: familia iliyonunua chupa tatu, ikalipa pikipiki kwenda kwa mganga wa miti na kurudi, imetumia fedha, na bado haijui mtoto anaumwa nini.

Redio za mitaa nazo zina sehemu yao. Tangazo la dawa inayoponyesha kila kitu linalipa, na redio nyingi zinaishi kwa shida, hilo linajulikana. Lakini sauti inayosoma habari za saa moja asubuhi ndiyo inayosoma tangazo dakika tano baadaye, na msikilizaji wa Lubero ao wa Fizi haoni mpaka kati ya habari na biashara. Katiba ya 2006 iliweka CSAC kusimamia vyombo vya habari, na nchi ina ACOREP kusimamia madawa. Sharti dogo lingetosha kuanzia: hakuna tangazo la dawa hewani bila namba ya ruhusa. Wauzaji wengi wangenyamaza wiki hiyohiyo.

Kwa aliyekwisha kupimwa na kuambiwa ana seliaki, mashariki mwa Kongo si pahali pabaya pa kuishi nayo. Ugali wa mihogo, wa mahindi ao wa mtama, mchele, lituma, sombe, lengalenga, samaki wa Tanganyika, nyama, mayai: hakuna hata kimoja chenye gluteni kwa asili yake. Hata kasiksi, pombe ya ndizi na mtama, haina shayiri ndani. Kinachohitaji macho ni mambo madogo. Katika milima ya Lubero, ambako wakulima wanalima ngano, mashini iliyosaga ngano asubuhi inaweza kusaga mahindi mchana, na unga wa kwanza unachafua wa pili. Mafuta yaliyokaangia mandazi yasikaangie makemba ya mgonjwa. Mchuzi usitiwe unga wa ngano ili uwe mzito. Mkimbizi mwenye ugonjwa huu aulize juu ya biskwi za msaada, kwa sababu nyingi zinatengenezwa na ngano. Kazi hii inamwangukia mama wa nyumba, kila siku, na ni nzito kuliko kumeza kidonge.

Dada aliye Ubelgiji analijua hilo tayari. Katika maduka ya Matonge, Brussels, anapata unga wa mihogo, sombe na makemba, na anapika kama alivyofundishwa na mama yake. Anachongojea kutoka kwa kundi la familia ni kwamba waache kumtumia chupa na namba za telefone. Na siku atakapokuja likizo Bukavu, asikute shangazi amemwekea mandazi ya moto mezani na kumwambia, kwa upendo wote, kwamba moja tu haliui mtu.